Vernon Tackett na Kikaango Chake Cheusi

Mwaka mmoja umetimia, Vernon, tangu utuache, na mwaka mzima mimi mkeo sijatoa chozi hata moja mbele za watu. Isipokuwa kanisani. Na dukani, nilipofika kwenye friji ya soseji, mpaka mwenye duka akanivutia kiti.

Nyumba hii haikaliki. Nakaa, nasimama. Nafungua mlango nione ni nani, hakuna mtu. Kiti chako nimekihamisha mara tano, na kila ninapokiweka naona hapo usingependa.

Ulikuwa mtu mwema, ila ulijificha. Miaka thelathini uliendesha greda la kusukuma theluji, na wajane wote wa bonde la Caney walijua njia za kwao zitasafishwa kabla ya barabara kuu. Bosi akikuuliza, unamjibu usukani unavuta kulia.

Jumamosi saa sita mchana ilikuwa zamu yako jikoni. Unakata bolonya, ile soseji nene kama paja la mtoto mchanga, kila kipande unene wa kidole. Unachanja ukingo mara nne isije ikajikunja kama kofia. Kikaango chako cha chuma kilikuwa cheusi ti. Miaka arobaini hakijaonja sabuni, kinafutwa kwa kitambaa basi, na weusi huo wa mafuta ndio uliozuia nyama isinate. Nyama ikishaungua pembeni, unaibana kati ya slesi mbili za mkate mweupe, na haradali, na kitunguu kibichi. Mikate ilikuwa mitatu kila mara, maana mmoja ni wa jirani yetu Arlene. Unamwita dirishani aje upesi kabla mimi Opal sijasema nimeshiba kisha nikale na wa kwake.

Sasa lile linaloniuma. Siku ya mazishi yako kikaango kile kilisuguliwa kwa sabuni na waya wa kusugulia masufuria, kikabaki kijivu kama bati jipya. Aliyekisugua ni Arlene. Nimemwambia yeye, nimeliambia na kanisa zima. Tangu hapo hakanyagi hapa. Kila Jumamosi nakipaka mafuta na kukichoma ili kirudie weusi wake, wapi. Nyama inang'ang'ania chuma, inachanika, mkate unanuka kutu. Bado nakaanga vipande vitatu, sijui kwa nini. Nakula changu nimesimama, viwili vinapoa.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Opal. Binti yetu Rhonda. Mjukuu wako Kaylee, asiyetaka kitunguu mpaka leo. Na dada yako Wilma, anayenirekebishia maandishi ya tangazo hili la gazetini. Hutatutoka moyoni siku zote tulizobakiza.

Wilma amesoma hadi hapo, akavua miwani. Anasema Arlene siku ile alikuwa kanisani tangu asubuhi, akipanga viti.

"Wifi, mimi ndiye niliyekukuta kwenye sinki. Umevaa gauni la msiba, povu hadi kwenye viwiko."

Nikamwambia nilikuwa naosha vikombe tu, maana mikono ilikataa kutulia.

"Vikombe gani vinasuguliwa kwa waya, Opal?"

Mhariri, usifute kitu. Arlene husoma gazeti hili.