Kilomita Sitini na Tatu

Nyumbani kwa baba,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Siku ya Jumatano, tarehe 11 Agosti, miaka ishirini na moja, miezi kumi na siku tatu zilizopita, nilipoteza nafasi yangu kwa baba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mwezi uliopita nimejua nani aliniondoa.

Najua barua haianzi hivyo. Mama angenirudisha mlangoni nibishe hodi upya. Basi hodi, na shikamoo kaka. Wifi hajambo? Mapacha wameacha kung'atana? Na mgongo wako je, ile dawa ya kuchua ilisaidia? Sisi huku tupo. Mama anakohoa asubuhi, ikifika saa tatu amepona na anagombana na kuku. Karakana yangu ya pampu inakwenda, tuko watu wanne sasa, na mtaa mzima umeshasahau jina langu. Mimi ni Mama Pampu tu. Baba nitamfikia, ana sehemu yake.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako ina ugonjwa wake: maneno yakianza kuwa mazito, mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Dereva wa basi ameahidi kukukabidhi hii mkononi Jumanne.

Kwanza habari uliyoitaka. Pikipiki ya baba imewaka. Alhamisi iliyopita, kiki ya saba.

Unakumbuka ulivyonipigia mwezi wa kwanza. "Dada, ile piki ya mzee bado ipo bandani? Huku watu wanazigombania hizi za zamani. Nifufulie basi, si wewe ndiye fundi wetu?" Nikakuambia imekaa chini ya turubai miaka ishirini na moja, haifufuliwi kwa simu. Ukacheka. "Ah, mtu kama wewe! Mimina petroli, piga kiki, twende."

Na mimi nilicheka. Tukaagana, nikarudi kwenye pampu niliyokuwa nimeifungua, na baada ya nusu saa hivi spana ikanitoka mkononi. Mimina petroli, piga kiki. Kaka, katika nyumba hii mtu aliyewahi kuiendesha pikipiki ile kwa ruhusa asingesema hivyo hata akiota.

Baba alikuwa na neno lake: "Sitoki mpaka nimpe chai." Sote tulikuwa tunacheka. Wewe, naona sasa, ulidhani chai ni ile ya kwenye kikombe, kwamba mzee hasafiri bila kunywa. Mimi nilijua ni nini kwa sababu nilikuwa naipika mimi. Petroli lita tano, mafuta ya mashine mililita mia mbili, unamimina huku na huku mpaka rangi ikolee kama chai ya rangi. Pikipiki ile haina mahali pengine pa kuwekea mafuta ya injini. Inakunywa vyote pamoja. Ukiipa petroli tupu inakauka koo, inachemka, pistoni inang'ang'ania ndani ya silinda, basi. Kazi ya kupima chai ile alipewa mtoto wa miaka kumi na miwili, na kwa mwaka mzima sikukosea hata tone.

Lakini sikukuhukumu kwa neno moja la kwenye simu. Nilianza kazi.

Turubai lilitoka vipande vipande. Tairi zote mbili zilikuwa zimepasuka kama visigino vya mama. Kabureta imejaa gundi ya kahawia, petroli iliyokauka ikageuka nta. Ndani ya tangi kutu tupu. Nikatia kokoto na siki, nikalifunga kwa blanketi, na kila aliyepita karakana nilimpa alitikise kidogo, hata mteja aliyekuja kudai pampu yake. Nyaya za breki zilikatika nilipozivuta tu. Panya walikuwa wamejenga ndani ya kiti, ukoo mzima. Kiki ilikuwa haishuki. Nikatia mafuta mepesi kupitia tundu la plagi, nikaiacha siku tisa, nikagonga kwa kipande cha mti, ya kumi ikasogea. Nikaifungua injini, nikapeleka silinda na pistoni kwa fundi wa kuchonga vyuma, yule tunayemwita Robo kwa sababu kila ukimpelekea kitu anasema ataondoa robo milimita.

Robo akaigeuza pistoni, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Nani aliua hii?"

"Wanasema mimi."

"Ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili. Wanasema nilitia mafuta ya taa, nikaiwasha uani nikichezea."

Akacheka mpaka akakohoa. "Uani! Mama Pampu, na wewe fundi mzima unaleta hadithi hizo hapa? Tazama upande huu wote umelambwa. Hii ilikwenda mbio, ikachemka, ikashika, ikaachia, ikashika tena. Haikufia uani hii. Hii imefia barabarani."

Nilirudi bandani nikafungua kifuniko cha pembeni, kile chenye skrubu tatu. Sasa sikiliza, kaka, maana hapa ndipo hukujua, na hukujua kwa sababu hukutaka kamwe mikono yako inuke grisi. Kila baba alipokuwa anasafiri kwa basi, alimwaga petroli yote kutoka kwenye tangi hadi kwenye kopo, akalifungia chumbani kwake, halafu akachukua msumari na kukwaruza ndani ya kifuniko kile tarehe na namba ya kilomita. Mimi ndiye niliyemshikia kifuniko. Mstari wa mwisho, kwa mkono wake, unasema: 7 Agosti, 27418.

Nikafuta kioo cha mita kwa kitambaa. 27481.

Nilitoa mara tatu. Mara zote sitini na tatu.

Na mita ile inasukumwa na gurudumu la mbele. Ukiiwasha uani ukaiacha iungurume wiki nzima, haisogei hata moja. Mimi wakati ule nikikaa kwenye kiti miguu ilikuwa inaning'inia. Mama alikuwa haendeshi. Baba alikuwa amesafiri. Tulibaki nani?

Sikuishia hapo, unanijua. Pikipiki ilipopona niliipanda kwenda kwenye lango la nyumba ya zamani ya kina wifi, ulikokuwa unapeleka barua zako za manukato. Kilomita ishirini na tisa. Kwenda na kurudi, hamsini na nane. Kituo cha mafuta kiko upande wa pili, mbili na nusu; kwenda, nadhani ukisukuma, maana tangi lilikuwa tupu, na kurudi, tano. Jumla nakuachia wewe. Pale langoni sikugonga. Sina neno na wifi. Yeye alitembelewa tu.

Kwamba ulichukua pikipiki bila ruhusa, hilo sikulaumu. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na shati jeupe. Kwamba uliiua, hata hilo ni ujinga wa chai, ungeweza kusamehewa kabla ya chakula cha jioni. Ningekutetea mimi mwenyewe.

Lakini kumbuka Jumatano ile. Baba aliniagiza nisafishe mnyororo kwa mafuta ya taa kabla hajarudi. Nilikuwa nimechuchumaa pale na kopo langu na kitambaa, nimefurahi, mnyororo unang'aa. Akaingia na begi lake begani. Akaitia mguu kiki, ikagoma. Akatia tena. "Nani ameigusa hii?" Wewe ukatoka chumbani. Hukuulizwa. Ulitazama kopo, ukanitazama, ukasema, tena kwa sauti ya upole: "Nilimwona akimimina kopo lile kwenye tangi, akaiwasha akichezea. Nilimkataza, baba, hakunisikia." Kisha nilipoanza kulia ukanipigapiga begani. "Pole, watoto hukosea."

Bega lile nalikumbuka kuliko maneno. Nilikuamini wewe kuliko nafsi yangu, kaka. Kwa miezi kadhaa nilijiuliza kama kweli sikumimina nikasahau.

Baba hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alichukua kikombe changu cha kupimia, akakisuuza, akakiweka juu ya kabati nisikokifikia. "Banda si mahali pako tena." Akaifunika pikipiki turubai siku ileile. Hakufungua kifuniko, hakutazama mita. Alikuwa na neno lako, namba za nini?

Tangu hapo kila nikinyoosha mkono kwenye chombo, redio, taa, baiskeli, alikuwa na neno moja: "Utaiua." Ufundi nimefundishwa na watu baki, nikiwafagilia karakana miaka mitatu kabla ya kupewa spana. Nilipofungua ya kwangu alikuja akasimama mlangoni, akasema hongera, hakuingia. Na mwaka juzi pampu ya kisima chake ilipokufa alimwita fundi kutoka mtaa wa tatu. Mimi nilikuwa sebuleni, na sanduku langu la spana miguuni. Fundi yule aliniona akaona aibu yeye. Akanong'ona, "Mama Pampu, kulikoni?" Nikamwambia afanye kazi yake.

Hata pikipiki hii, safari hii aliniruhusu kuigusa kwa sababu wewe ndiye uliyeomba.

Alhamisi ilipowaka alikuja na fimbo yake na ndara, kasimama, kainamisha sikio lile linalosikia vizuri. Nilimwona anahesabu mapigo. Akasema, "Kaka yako atafurahi sana. Yeye tangu zamani alikuwa anaihurumia." Nilifungua mdomo. Mama, ambaye nilikuwa nimemwonyesha zile namba siku moja kabla, akanikanyaga mguu. Baadaye jikoni akaniambia, "Ukisema wewe, ataona unajitetea. Aliyelifunga fundo hili si yupo hai? Mwite alifungue."

Sasa sehemu ya baba. Jumatatu ijayo, tarehe 22, analazwa saa mbili asubuhi. Jumanne wanamfungua kifua. Daktari alituambia kwamba wengi wanatoka salama. Hakusema wote, nilimsikiliza vizuri. Mzee mwenyewe hana wasiwasi, ameshaamua mambo yake: pikipiki ni yako, kwa sababu, anasema, iende kwa asiyeidhuru.

Ichukue, kaka. Ukikiri ichukue, ukikana ichukue. Nimeshaifunga tayari kwa safari, na kwenye tangi nimebandika karatasi yenye vipimo vya chai, usije ukaiua mara ya pili. Mimi sikugombei chuma. Ninachokitaka hakibebeki kwa basi. Nataka baba, kabla hawajamlaza kwenye kitanda kile, asikie kwa sauti yako kwamba mtoto wake wa kike hakuua kitu. Simtaki asome kwenye kifuniko. Kifuniko kitamwambia mimi si mwongo. Hakitamwambia kwamba ulijuta.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Robo anakusalimu pia, ingawa hakujui. Amesema angependa kukuona. Mpe wifi salamu zangu nyingi, na mapacha uwabusu mmoja mmoja, waambie shangazi yao anawatengenezea kila mmoja gari la mbao lenye beringi za kweli. Mungu akulinde katika kazi zako, aupoze mgongo wako, na akupe moyo mwepesi kwa hili moja.

Swali langu ni hili, na lina majibu mawili tu. Kati ya tarehe 7 na tarehe 11 Agosti, baba alipokuwa safarini, ni wewe uliyetoka na pikipiki, ndiyo au siyo? Usinijibu mimi. Mpigie baba. Simu yake iko wazi, nimeichaji mwenyewe, na Jumapili tarehe 21 atakuwa ameketi nayo tangu asubuhi kwa sababu nimemwambia una neno naye. Una mpaka saa kumi jioni. Saa kumi na dakika moja nitaketi mbele yake nimweleze mimi, naye ataingia hospitali akijua pia kwamba ulipewa siku tano nzima ukanyamaza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata sasa,

Mama Pampu