Maneno Mawili ya Wilf

Nyumba Na. 7, Mtaa wa Tano,
Horden, Durham.
4 Julai 1993

Mpendwa wifi Avis,

Huko Adelaide najua baridi imekolea. Natumaini kifua chako hakijaanza vituko vyake, na Ron goti limempa nafuu. Sisi huku tu wazima, na safari hii nikisema wazima hata kaka yako Wilf yumo. Kaa chini unisome vizuri.

Simu ya Lorna ya mwezi wa pili ilikutoa roho, najua. Mtoto alikuwa analia, maneno yakamkwama. Ilikuwa hivi: Wilf alipatwa na kiharusi asubuhi akivaa viatu aende kwa njiwa wake. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukalegea, maneno yakafutika yote kichwani. Yakabaki mawili tu: "Come on," yale ya kumwita mtu aje au kumhimiza, haya, upesi.

Ukimuuliza kama ana njaa, "Come on." Mto umekaa vibaya, "Come on." Anaelewa kila unachosema, ila kila akifungua kinywa hutoka hicho hicho. Muuguzi mmoja hospitalini alidhani anaharakishwa, akamjibu, "Nina mikono miwili tu, mzee!" Kasisi naye alikuja kumwombea, sala ikarefuka, Wilf akapasua, "Come on!" Ossie, yule jirani tunayefuga naye njiwa, alicheka mpaka akatoka nje. Nikacheka na mimi. Kumbe Wilf amegeukia ukutani, machozi yanamtiririka. Kicheko kikanikauka, wifi.

Tangu siku hiyo akawa bubu kabisa. Hata hayo mawili akayafungia ndani. Chakula anaonja na kusukuma sahani. Daktari akasema hali ikiendelea hivyo, afadhali apelekwe kwenye nyumba ya kulelea wazee. Lorna, kwa kunionea huruma, akataka banda la njiwa liuzwe. "Mama, utamwinua vipi peke yako? Na hao njiwa, nani atawatazama?" Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Aliyetuokoa ni Moira, mama wa Kiskoti anayewafundisha kusema wagonjwa wa kiharusi. Hakumhurumia hata kidogo, nadhani ndiyo maana Wilf alimpenda. Akaniuliza, "Maneno hayo, alipokuwa mzima aliyasema wapi zaidi?" Nikamwambia bandani, Jumamosi, akiwaita njiwa wa mashindano wanaporuka kurudi nyumbani kutoka mbali. "Basi hapa tumekaa kufanya nini?" akasema, akachukua koti lake.

Jumamosi iliyofuata tukamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi bandani. Tukamkuta Ossie anatikisa kopo la nafaka, uso umemwiva. Njiwa mmoja jike, wa kijivu, alikuwa amerudi kutoka kusini kabla ya wenzake wote, lakini ametua juu ya paa na hataki kuingia. Na unajua sheria za mashindano: asipoingia bandani, hajafika.

"Huyu ana kiburi kama mwenye mali," Ossie akamwambia Wilf. "Nimemwita mpaka koo limekauka. Mwite wewe basi, ama kazi umeisahau?"

Wilf akainua uso kutazama paa. Nikaona kidevu kinamtetemeka, nikataka kumgeuza turudi nyumbani. Moira akanishika mkono. Ndipo ikatoka, polepole, kwa sauti laini ambayo mimi mkewe sijapata kuitiwa nayo: "Come on... come on... come on." Ndege akainamisha kichwa, akashuka, akaingia.

"Mwizi wewe!" Ossie akapiga kelele. "Miezi mitatu nalisha mimi, halafu anakuja kwako!" Wilf akacheka. Upande mmoja wa mdomo tu, lakini alicheka.

Kuanzia hapo Moira akasema maneno hayo si mabovu, tuyaongezee mengine. Kila siku wakawa wanakaa mezani, wanayatumia kwa mambo ya humu humu nyumbani. La kwanza lilikuwa jina langu. "Come on, Het." Nilikuwa nimebeba sufuria ya viazi, ikabidi niitue. Baadaye jioni moja taa ya mtaani ikawaka, akanyoosha kidole: "Light come on." Siku nyingine nimeanika mashuka, yeye yuko dirishani anatazama wingu likitoka baharini. "Rain come on, Het!" Nikakimbia, nikayawahi yote makavu. Lorna naye alipoapa kwamba sigara ameacha, baba yake akainua nyusi, akalivuta neno, "Come ooon," kama kusema, acha uongo wako. Lorna akaona haya. "Jamani, Baba ananisuta na maneno hana!"

Sikufichi, wifi, mkono bado umekufa, na akichoka yote yanampotea, hurusha kijiko. Lakini habari ya nyumba ya wazee haisemwi tena. Tumemhamishia kitanda sebuleni, Ossie amefunga vyuma vya kushikia mlangoni, na asubuhi Wilf huenda bandani kwa fimbo, mimi nyuma yake najifanya nachuma maua.

Jana nilimwambia nakuandikia barua. Nikamuuliza, "Nimwambie nini dada yako?" Akafikiri mpaka chai ikapoa. Midomo ikahangaika. Nilitamani nimsaidie, ila Moira amenikataza kumlisha maneno.

"Come..." akaanza, na mimi nikajua kinachofuata.

"Come back."

Hilo, wifi, hakuna aliyemfundisha. Nikamwuliza, "Nani arudi, Wilf? Njiwa?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga.

"Avis," akasema.

Chumba cha juu kiko wazi. Msalimie sana Ron na wajukuu. Lorna anakubusu, na Ossie anasema bado unamkumbuka, atake asitake mumeo. Mungu akushike mkono huko uliko, na akitaka, akuelekeze huku.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye miaka yote hii ya mbali,

Hettie