Chombo cha Bibi Ndeshi

Jumatatu, katikati ya Desemba 2008

Asubuhi mlima ulikuwa wazi mpaka juu, theluji yote inaonekana, na mjini watu wa Dar wameshaanza kujaa kwa ajili ya Krismasi. Siku nzuri. Mimi niliamka sitaki mtu anitazame usoni.

Ninaandika nikiwa hapa kwenye duka la intaneti anakofanya kazi wifi yangu Aneth. Yeye ndiye aliyenifungulia blogu hii ili niwe naweka picha za keki zangu. Leo hakuna picha. Mwanangu Glori amelala mgongoni, anapumua kwa mdomo, na mimi naandika pole pole kwa kidole kimoja kama kawaida yangu.

Nianze na uongo ambao uko humu humu. Wakati wa Pasaka niliweka picha ya keki ya chokoleti yenye umbo la waridi, petali nane, katikati tundu. Mkaisifu sana. Nikaandika kwamba chombo cha kuokea nimetumiwa na dada yangu aliyeko Ujerumani.

Sina dada Ujerumani. Sina dada kabisa.

Chombo ni cha Bibi Ndeshi wa Marangu.

Nilipoolewa, tulikaa kwanza kwa wakwe zangu Marangu, na Bibi Ndeshi alikuwa jirani, kihamba chake na chetu, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, vimetenganishwa na uzio tu. Ni mjane. Mama yangu alishafariki, na mama mkwe miguu ilikuwa inamsumbua, kwa hiyo nilipojifungua Glori, Bibi Ndeshi ndiye aliyekuwa anavuka na bakuli la mtori, asubuhi na jioni, miezi miwili. Ndizi zimepondwa laini, nyama ya mfupa, na anakaa mpaka nimalize. Nikisema nimeshiba ananiambia, kula, huyo mtoto hanyonyi maneno.

Yeye ndiye aliyenifundisha keki. Ujanani alifanya kazi jikoni kwa nesi mmoja mzungu, na yule nesi alipoondoka akamwachia kile chombo cha waridi. Bibi alinionyesha kila kitu. Kuchanganya siagi na sukari mpaka iwe nyeupe. Kuukoroga unga wa kakao kwenye maji ya moto kwanza, ndipo chokoleti ikolee. Kupaka mafuta kwenye kila mkunjo wa petali kwa kidole, usiruke hata mmoja. Kuweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, chombo juu yake, mfuniko, halafu mkaa chini kidogo na juu mwingi. Na baada ya kuepua, kusubiri. Hilo la kusubiri alilirudia sana.

Petali moja ya chombo kile imebonyea. Alinieleza sababu. Kijana wake wa kwanza alipokuwa mdogo alikuwa akikipiga kama ngoma, na siku moja akakigonga kwenye jiwe. Kijana huyo alikuja kukua, akaenda machimboni kutafuta maisha, na hakurudi. Bibi alinieleza huku anasugua chombo, hata hakusimamisha mkono.

Kwa hiyo nilijua. Naandika hivi mnielewe, nilikuwa najua chombo kile ni kitu gani kwake.

Glori alipotimiza mwaka tulikuwa tunahamia Shirimatunda, huku mjini, tumepata chumba. Nikaomba kuazima chombo kwa ajili ya sikukuu yake. Akanipa bila neno. Ile keki majirani waliila wakaniomba niwaokee na wao, mmoja, wa pili, wa tatu. Kila wiki nikawa nasema wiki ijayo nitakirudisha. Halafu siku moja Bibi akaniulizia, tumekutana sokoni, na mdomo wangu ukasema kimeibwa tulipokuwa tunahama. Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka tu kama vile nimekohoa.

Aliweka kapu lake chini. Kisha akanishika bega akasema basi mwanangu, bora nyie mmefika salama.

Yeye ndiye alinipa pole.

Mume wangu nilimwambia Bibi amenipa moja kwa moja. Wateja nikawaambia Ujerumani. Ukishaanza, kila mtu unamtafutia wake.

Sasa jana.

Mteja wangu mkubwa, Mama Brayani wa Bomang'ombe, alikuwa na kipaimara cha mwanae. Aliagiza waridi mbili za chokoleti. Siku zote ile petali iliyobonyea huwa naifukia kwa krimu, hakuna anayejua. Lakini safari hii Mama Brayani alisema hataki krimu, joto litaiyeyusha, ninyunyizie sukari laini tu. Nikanyunyizia. Niliona petali imejitokeza wazi kabisa, kwenye keki zote mbili, upande ule ule. Nikajisemea, nani atajua.

Turubai, viti, pombe ya mbege, mbuzi wa kuchoma, watu wamependeza. Nimesimama nyuma ya meza ya keki na kisu, Glori ananishika sketi, na Mama Brayani anawaambia wenzake kwamba huyu binti chombo chake katumiwa na dada yake Ulaya, huku havipo. Natabasamu. Ninainua macho, namwona Bibi Ndeshi anakuja na sahani yake.

Nikaja kujua baadaye kwamba ni shangazi wa Baba Brayani. Ningejuaje.

Nilimwamkia shikamoo, sauti ikatoka ndogo. Akaitikia marahaba. Akaitazama keki ya kwanza. Akaitazama ya pili. Kisha akaweka kidole juu ya ile petali, taratibu, kama unavyomgusa mtoto aliyelala.

"Nikatie hapa," akasema.

Mama mmoja akamwambia, Bibi, hicho kimebonyea, chukua kizuri. Wakacheka kidogo. Bibi hakucheka wala hakukasirika.

"Hicho hicho."

Nikamkatia. Kipande kikavunjika. Akala pale pale amesimama, akitafuna polepole, na wenzake wanasubiri atasema nini maana ni mzee. Akanitazama mimi.

"Umeigeuza ikiwa ya moto," akasema. "Ndiyo maana inavunjika. Usubiri."

Kisha akawageukia wale akina mama akasema keki ni nzuri, aliyemfundisha kamfundisha vizuri. Akafunga kipande kilichobaki kwenye leso yake, akageuka.

Angeweza kunivua nguo mbele za watu wote wale. Neno moja tu lilitosha. Hakulisema.

Ningeishia hapo ningekuwa na afadhali. Mama Brayani akaniuliza, kumbe unafahamiana na shangazi? Bibi alikuwa hajafika hata hatua tatu. Nikasema:

"Namfahamu kwa mbali."

Niliuona mgongo wake. Alisimama kidogo sana, kama mtu aliyejikwaa kwenye kijiti, halafu akaendelea kwenda kwenye kiti chake.

Kwa mbali.

Usiku sikulala, na hilo nisilieleze sana. Leo asubuhi nilikisugua chombo kwa majivu mpaka kikang'aa. Kisha nikaenda kwenye mpaka wa kiwanja cha mwenye nyumba, nikakata isale.

Wanaosoma kutoka mbali niwaeleze. Isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka. Kwetu Uchagani ukimkosea mtu vibaya unakwenda kwake nalo. Akishaliona mkononi mwako hana ruhusa ya kukataa. Hata kama ulimfanyia nini, isale likishafika ni lazima asamehe. Tumekua tukijua hivyo, hakuna anayebishana nalo.

Nikalitia ndani ya chombo, nikafunga kwa kanga, nikambeba Glori, nikapanda gari la Marangu. Njia nzima nilikuwa karibu na furaha. Nilijiambia jambo hili ni la leo tu, jioni litakuwa limekwisha.

Nilifika kwenye uzio wake. Uzio wenyewe ni wa masale, yamesimama pale tangu kabla sijazaliwa. Nikafungua kanga nilichukue jani nilishike mkononi, ndipo nikalitazama. Nikajiona. Nilikuwa nakwenda kwa mwanamke niliyemwibia, nikamdanganya, nikamkana, na nimebeba kitu cha kumziba mdomo. Hata hasira yake nilikuwa nataka kumnyang'anya.

Nimekaa na chombo chake mwaka mzima na nusu. Bado nilikuwa naomba nipewe na kingine.

Nikalichomeka lile jani katikati ya uzio, pamoja na wenzake. Nikaingia mikono mitupu, ukiacha chombo na mtoto.

Bibi alikuwa anamkatia ng'ombe majani ya migomba. Nilipiga magoti pale pale kwenye majani. Nilimwambia yote, kwa mpangilio, kuanzia sokoni mpaka jana. Sikulia, maana niliogopa nikilia atanihurumia kabla sijamaliza. Yeye alikuwa anakata majani tu. Nilipofika mwisho akaweka panga chini, akakichukua chombo, kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ile petali, bila kuitafuta.

Akauliza isale liko wapi.

Nikamwambia nilikuja nalo, nimeliacha nje. Nikamwambia nilitaka anisikie kwanza, na awe na nafasi ya kukataa.

Akaokota jani moja la mgomba, akamnyooshea ng'ombe. Kuku walipita. Ng'ombe akavuta jani mkononi mwake.

"Chombo ni chombo," akasema. "Kingeweza kuibwa kweli. Lakini ule mtori, mama Glori. Ule mtori nilikuwa nakuletea kwa mbali?"

Niliinamisha uso mpaka kwenye yale majani.

"Basi leo nakataa," akasema. "Leo siwezi."

Aliisema bila ukali, kama mtu anavyosema leo mgongo unaniuma. Kisha akamwita Glori kwa jina, akaingia naye ndani, akampa maziwa kwenye kikombe cha bati, akamfuta mdomo kwa leso. Ile ile ya jana, chembe za keki bado zimo. Mimi nilisimama mlangoni. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Glori alipomaliza, Bibi alimleta amemshika mkono, akanikabidhi, akasema jua linapanda, msichelewe gari.

Wakati natoka nililiona jani langu kwenye uzio. Limeanza kulegea, yale mengine yamesimama.

Nilifikiri nitarudi nimenyooka moyo. Nimerudi nimeinama zaidi. Ila kuna kitu kimoja, nacho nakishika: alisema leo. Hakusema siku zote.

Ile picha ya Pasaka sitaiondoa. Nimemwomba Aneth aandike chini yake, kwa herufi kubwa, chombo hiki ni cha Bibi Ndeshi wa Marangu, na mwokaji alimdanganya. Aneth akanitazama, akauliza wifi una uhakika, wateja watakukimbia. Nikamwambia andika. Ameandika.

Wale walioagiza waridi kwa Krismasi, waridi hakuna. Nitawaokea keki ya mviringo kwenye sufuria yangu, ile ile chokoleti, sura yake ya kawaida. Asiyetaka simlaumu.

Kesho naenda Bomang'ombe kumwambia Mama Brayani namfahamu shangazi yake, na nilimfahamu wapi, na nilikuwa nakula nini mkononi mwake. Keshokutwa mume wangu anashuka mlimani na watalii anaowaongoza, naye ataambiwa.

Jumamosi nitapanda tena Marangu. Nitaoka keki ndogo, na nikiepua nitasubiri ipoe kabla ya kuigeuza. Jani silibebi. Akisema tena leo hapana, nitamkatia ng'ombe majani, nirudi nyumbani.