Filme Uliyomtafsiria Mama

Papa,

Huku Lubumbashi mvua imeanza, na paa la jikoni linavuja palepale uliposema umeliziba. Lakini siandiki kwa sababu ya paa. Jumapili, tulipotoka misa, Mama alifunga mapazia mchana kweupe, akaniambia niweke ile filme yako ya zamani, ya weusi na weupe. Tangu tukuzike hakuna aliyeigusa. Na wa kumtafsiria Kifaransa sasa ni mimi.

Niseme kweli: hadithi yake imejikoroga. Mpaka leo sijui nani alimuua sonara, na wale wanaume wanaongea mno, sigara mdomoni hata wakipigwa ngumi. Nilikuwa nakutania hivyo, nawe unanuna. Lakini giza lile, Papa! Yule mwanamke anashuka ngazi, nusu ya uso iko kwenye mwanga, mvua inapiga kioo, nami nikasisimka mwili kama zamani. Ulisema kweli, hakuna anayepiga filme namna hiyo tena.

Tukakaribia mwisho. Mwisho unaujua mwenyewe. Mpelelezi anampenda yule mwanamke, na ni yeye huyo anayemwitia polisi. Wanamfunga mwanamke pingu, naye mpelelezi anamwambia hakumpenda hata siku moja. Wewe kila mara ulimwambia Mama: "Anasema atamungoya mpaka siku atatoka." Mimi mliyenisomesha chuo kikuu, kule Kasapa, nilikuwa nakukasirikia. Uongo ni uongo, nilisema, hata wa filme.

Sasa Mama alikuwa ananiangalia mimi, si televizyo. Nikafungua mdomo, yakatoka maneno yako: "Anasema atamungoya."

Mama akacheka. Halafu akalia, akajifuta na ncha ya kitenge.

"Weye na papa yako munabongopa namna moya," akasema. "Miye niko na macho. Uso ya ule bwana haiko ya muntu wa kungoya. Lakini papa yako alikuwa anasema ile maneno anaangalia miye."

Kumbe alijua miaka yote, Papa. Nimekukumbuka hadi kifua kinauma. Mimi niliyekaa katikati yenu kwenye kiti kimoja sikuwahi kuona unamtazama nani.

Pumzika, Papa. Paa nitaliziba. Filme nitamtafsiria kila atakapotaka, na mwisho utabaki wako. Nawe mngoje, kama ulivyosema. Ila usimharakishe, bado namhitaji.

Binti yako,
Godelive