Kamba ya Mzee Otukei

Burumba, Busia
Alhamisi asubuhi

Kwako dada yangu Apeduno, Mama Akiror,

Yoga noi, kama mnavyosema kwenu, na mulembe, kama tunavyosema kwetu. Habari za Malaba? Mguu umepoa, au bado unavimba ukisimama sana sokoni? Na yule ng'ombe mweusi amezaa? Sisi huku hatujambo kiasi. Brendah amepona homa na amerudi shule. Mvua imeharibu maharagwe lakini mihogo iko sawa. Methuselah wangu hajanituma salamu, na utaona kwa nini.

Najua utashangaa kupata barua na simu ninayo. Wiki hii nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza bei ya mtama. Mdomo wangu unaujua wewe. Ukikusikia unacheka, unaanza kutafuta vichochoro. Basi nimechana karatasi kwenye daftari la Brendah, na nakuomba, chonde chonde, usome mpaka mwisho kabla hujaitupa.

Ni habari ya Akiror. Naliaka, jirani yangu anayeuza mitumba huko kwenu, ameniambia kwamba Jumatatu unamvusha kwenda Tororo kwa mjomba wake Echodu, akaoshe glasi kwenye baa. Ati umesema mtoto aliyeshindwa kukaa na fundi mpole kama Methuselah hatafaa kazi yoyote ya maana, afadhali aende huko. Nilikuwa nakata sukuma wiki, nikajikata kidole. Dada, usimpeleke. Subiri kwanza unisikie.

Ulimleta mwenyewe mwezi wa pili, ukaniambia huyu sasa ni wako, mfunze kama Brendah. Ningekataaje? Wewe ndiye uliyeacha meza yako ya omena wazi, paka na mbwa wakila, ukanipeleka hospitali siku niliyoshikwa na uchungu wa huyo Brendah. Tena sikutaka kukataa. Mtoto alikuwa na adabu, anaamka mapema, anafagia karakana bila kuambiwa. Sikuanza na ubaya, naomba uamini hilo hata kama mengine yatakushinda.

Kazi yetu unaijua kwa jina tu. Misumeno ya mkanda, ile mirefu inayozunguka kwenye magurudumu mawili ikipasua mbao, hukatika. Mafundi wa mbao wanatuletea hapa nyumbani, wengine kutoka Matayos, wengine wanavuka kutoka ng'ambo. Methuselah anaondoa palipoharibika, anasaga ncha mbili kwa mshazari zilaliane, anaziunganisha kwa waya wa fedha na moto wa gesi, halafu anapapasha tena polepole, chuma kisiwe kikavu kikavunjika. Kuna wengine wanaleta msumeno mrefu wa mashine kubwa, wanataka ufupishwe uingie kwenye mashine yao ndogo. Hao huja na kamba. Mtu anazungusha kamba ya katani kwenye magurudumu yake, inapokutana anafunga fundo, anatuletea. Zimejaa ukutani kwetu, kila moja na msumari wake. Methuselah hana habari na futi wala inchi. Husema kamba ya mtu ndiyo neno lake.

Na mimi je? Mimi, Mama Akiror, kwa miaka tisa nimeshika mwisho wa msumeno. Kile chuma ni kirefu, kinajikunjua chenyewe kama nyoka aliyekanyagwa, kwa hiyo lazima mtu akishike upande wa pili asitikisike mpaka moto umalize kazi. Nimekishika nikiwa na malaria. Nimekishika Brendah akiwa mgongoni analia. Naujua ule wekundu unaotakiwa, najua ukipita kidogo tu fedha inakimbia, na sijawahi kushika moto wenyewe ila siku moja. Mwaka juzi Methuselah alikwenda Matayos, nikasema wacha nijaribu. Nikaunguza kiungo. Aliporudi alicheka mpaka akakaa chini, akawaita majirani waje waone, akaniambia moto wa gesi si moto wa ugali. Nami nikacheka pamoja nao. Nilicheka, lakini lile neno lililala tumboni na halikutoka.

Sasa Akiror akaja. Miezi mitatu, dada. Mitatu! Siku alipofanya kiungo chake cha kwanza, Methuselah aliukunja ule msumeno kwenye goti, akaugeuza akaukunja tena, haukuvunjika. Akapitisha ukucha, haukugota popote. Alipiga kelele watu wa ploti wakatoka, akawaambia njoni mwone fundi. Akamwita fundi. Mimi nilikuwa hapo hapo nimeshika mwisho, na hakuna hata mtu aliyekumbuka kuniambia niuachilie.

Tangu siku hiyo sikumpenda tena mtoto wako. Nilikuwa namwekea ukoko. Nilikuwa namtuma maji wakati ule ule Methuselah anapowasha gesi, ili akirudi akute kazi imekwisha. Nilificha miwani yake ya moto kwenye gunia la makaa, akaitafuta siku nzima, akaniomba na radhi kwa kuipoteza. Nilikuwa najua ninachofanya, na nilikuwa nalala vizuri tu.

Wanawake wa hapa wakaanza kuninong'oneza kwamba nichunge mzee wangu, msichana mbichi si wa kuweka ndani. Nikawaacha waseme. Wivu wa mume una heshima yake. Watu wanakuonea huruma, wanakuletea habari na hata mboga. Lakini ukisema unaona wivu kwa sababu ya moto wa gesi, nani atakuelewa? Haki ya Mungu, Methuselah hakumtazama Akiror vibaya hata siku moja. Laiti angemtazama, ningekuwa na sababu ya kusema kanisani.

Sasa nifike kwa Mzee Otukei, seremala wenu. Uliambiwa kwamba Akiror alipima vibaya akaharibu msumeno wake, kile chuma kizuri mzee alichotafuta mpaka Kampala ili amalize viti vya kanisa lenu kabla askofu hajaja kwa kipaimara. Uliambiwa alikata ukawa mfupi kwa vidole vinne. Ni kweli ulikuwa mfupi. Na msumeno haunyooshwi. Ukisema uongeze kipande, unapata viungo viwili vinavyokaribiana, na kwenye gurudumu dogo ni hapo utakapokatika. Otukei alifoka hapa mpaka povu, viti vikachelewa, askofu akakuta watu wamekalia mbao mbichi. Methuselah kwa aibu akamwambia Akiror afunge nguo zake.

Dada, mtoto wako hakupima vibaya.

Siku ile Methuselah alikuwa anakwenda mazishi Budalang'i. Alipokuwa anafunga viatu alimwambia Akiror ukate na uunge mwenyewe, kazi ya Otukei nakuachia. Alisema mbele yangu, kisha akaniambia mimi nimshikie. Akiror alipotoka kwenda kununua maandazi, niliiteremsha ile kamba. Nikafungua fundo, nikalifunga upya vidole vinne ndani, nikairudisha kwenye msumari. Mikono haikutetemeka, maana imezoea kutotetemeka. Akarudi, akapima mara mbili kama alivyofundishwa, akaniuliza mama, hapa? Mimi nikamwambia fuata kamba. Nilikuwa na muda wa kusema, mwingi tu. Nilishika mwisho nikatazama akikata. Akaunga vizuri sana, dada. Nikaumia zaidi kwa sababu aliunga vizuri. Na alipokwenda kuoga nikalirudisha fundo mahali pake, ili Otukei akija na kamba ikipimwa, kosa lionekane la nani.

Lakini kuna hili, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Methuselah alipoitandaza ile kamba mbele ya Otukei, Akiror aliinama akaiangalia. Katani iliyokaa ukutani inashika moshi na vumbi. Nilipofungua fundo la Otukei nilifunua katani safi, na nilipolirudisha halikuifunika yote, na pale nilipofunga langu palibaki pamekunjamana. Kati ya alama hizo mbili, vidole vinne tu. Aliona. Akaninyanyulia macho, akanitazama kiasi cha mtu kumeza mate. Nikasema moyoni, Nerima, leo umekwisha. Kisha mtoto wako akamgeukia Otukei akamwambia samahani mzee, nilipima vibaya.

Hakuniambia kitu alipofunga nguo. Aliniaga kwa mikono miwili, akaniita mama. Nawe hakukuambia, najua, maana ungekuwa umefika hapa zamani na mwiko mkononi. Hajui kumtaja mkubwa kwa ubaya, ndivyo ulivyomlea, na mimi nikamlipa kwa kunyamaza wiki tano.

Jana nilimwambia Methuselah. Alizima gesi akakaa kwenye debe. Akaniuliza kwa nini sikuwahi kumwambia nataka kujifunza. Nilimjibu kwamba kwa miaka tisa nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Hajala chakula changu tangu hapo. Leo alfajiri ameondoka kwa baiskeli kwenda kwa Otukei kumwambia kosa lilitoka ndani ya nyumba yake, na ameniachia neno moja tu nikufikishie, kwamba nafasi ya Akiror ipo, hata arudi leo. Kuhusu mimi hakusema kama nafasi yangu ipo.

Na nisikudanganye kwamba nimeokoka. Wivu haujaisha. Hata sasa nikimfikiria amevaa ile miwani roho inanichoma, na siahidi kwamba akirudi nitamtabasamia siku ya kwanza. Lakini iniume mimi. Asiende kufuta meza za walevi kwa sababu nilishindwa kusikia mtu mwingine akiitwa fundi.

Kwa kawaida hapa mtu huomba asalimiwe watu wote wa nyumbani. Mimi sina uso wa kutuma salamu kwa mtu yeyote wa nyumba yako. Barua hii pia sikumpa Naliaka ailete, ningekuwa nimejificha tena. Leo ni Alhamisi, huendi sokoni. Nitaipenyeza chini ya mlango wako mwenyewe, na wakati unasoma mstari huu nitakuwa nimesimama nje ya ua wako, upande wa barabara. Ukitaka nirudi nilikotoka, funga mlango, nitauona. Ukitaka kunipiga, sitakimbia. Ila usimtume Akiror aje kuniita, kwa sababu najua atakuja, tena atanisalimu kwa mikono miwili, na hilo sitaliweza. Utoke wewe mwenyewe.

Ni mimi,
Nerima, Mama Brendah