Wajina Wawili na Chupa ya Kifuniko cha Zambarau

Jumatatu, 4 Machi

Nimetolewa damu. Chupa tatu, na maumivu ni ya kuumwa na siafu mmoja tu. Plasta bado iko mkononi, lakini kalamu inashikika.

Tulikuwa wazee kumi na wanne kwenye benchi la kliniki, wote hatujala tangu jana jioni, wote wakali kidogo. Bila cheti cha daktari hakuna kupanda gari la tarehe kumi na nane. Miaka thelathini na moja tangu tuvuke mpaka, na sasa tunapelekwa kwetu kutazama – siku kumi, kisha kurudi. Mimi nina jengo tu la kutazama: kiwanda cha chapa nilikosahihisha prufu, kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, ujana wangu wote. Wajina ana mdogo wake, atakayemngoja stendi. Safari yake ina mtu. Yangu ina ukuta.

Wajina ni jirani yangu wa ghorofa ya pili. Jina la kwanza, la pili, la tatu – yote sawa. Na tarehe ya kuzaliwa pia! Karani wa mpakani alikuwa hoi siku ile. Mstari mzima alituandikia tarehe moja Januari, na mwaka akaukadiria kwa kutazama nyuso. Mimi nilimtajia siku yangu halisi, Alhamisi ya mwezi wa tano. Baba aliiandika ndani ya jalada la kitabu. Karani akanishukuru, akaandika tarehe moja Januari. Wajina husema sisi ni mapacha, mama yetu ni muhuri.

Zamu yangu ilikuwa kabla yake. Nikamwona kajishikiza ukutani, anatafuna punje za mchele mbichi alizofunga kwenye pindo la kitambaa chake. Nikamkumbusha tumekatazwa kula. Akasema mchele mbichi si chakula, ni mazungumzo. Lakini midomo ilikuwa mikavu, nami nikampisha atangulie.

Muuguzi alinipendeza. Huuliza jina, huuliza tarehe ya kuzaliwa, ndipo afunge mpira mkononi. Chupa ya kifuniko cha zambarau aliigeuza juu chini, polepole, mara nane – nilihesabu. Nikamuuliza mbona haitikisi, tumalize. Akasema chembe za damu zikitikiswa zinapasuka. Humo mna dawa ya kuzuia damu isigande, inataka kuchanganywa kwa upole. Ya kifuniko chekundu yeye huiacha igande, kisha mashine inaizungusha, na maji yanayobaki juu ndiyo yanayosema habari za figo na ini. Ya kijivu ni ya sukari: dawa yake inazizuia chembe zisiendelee kula sukari mle chupani. Zisile! Kumbe sehemu yangu ingeweza kuketi kwenye kasha la chupa ikaendelea kula chakula changu, nami niko nyumbani.

Nyuma ya kioo niliona mgongo wa mtaalamu wa maabara, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Hadubini. Hakugeuka hata mara moja. Nilikaa vile vile miaka mingi, mgongo kwa dunia.


Jumatano, 6 Machi

Sisafiri.

Daktari alisema chembe nyekundu zimekwisha. Himoglobini sita nukta tatu. Mwanamke wa umri wangu anatakiwa awe na kumi na mbili au zaidi. Akashangaa nimepandaje ngazi. Nami nikashangaa, maana nilizipanda vizuri.

Wajina kapewa kumi na mbili nukta nane. Alinisomea karatasi yake mlangoni pangu, akasema ni damu ya mwari. Kisha akaona uso wangu, akaniahidi atakwenda mwenyewe kiwandani kwangu, ahesabu madirisha, aniletee idadi.

Mkwe wangu kapika maini. Nimekula. Nikalala mchana, jambo ambalo sifanyi.


Alhamisi, 7 Machi

Hadubini ameniita! Mkwe alipokea ujumbe asubuhi: Mama aje maabara, asipitie kwa daktari kwanza.

Alikuwa na karatasi mbili mezani. Ya Jumatatu, na ya katikati ya Januari, nilipokuwa na kikohozi kile. Wiki saba kati yake. Akaweka kidole kwenye mstari ambao daktari hakunisomea: ukubwa wa chembe. Januari tisini. Jumatatu sitini na sita.

Akanieleza kwa sauti ile yake ya kuhesabu. Damu inaweza kupungua kwa siku moja, ukikatwa, ukitoka damu tumboni. Lakini chembe nyekundu huishi miezi minne hivi. Nyingi zilizokuwa ndani yangu Januari bado zimo, zinatembea, na chembe kubwa hairudi kuwa ndogo. Mwili unaokosa madini ya chuma hutengeneza chembe ndogo, moja moja, miezi na miezi, mpaka ndogo zizidi kubwa. Wiki saba hazitoshi.

Akanitazama mara ya kwanza.

"Mama, hii si damu yako."

Wenzake, akasema, waliona namba mbaya wakampelekea daktari haraka, na walifanya sawa. Yeye hupitia karatasi za nyuma jioni, kabla ya kufunga, kwa sababu tu anapenda kuona kama jana na leo zinaelewana. Nilitaka kumshika mkono. Huyo ni msahihishaji! Wengi husoma neno lililoandikwa. Wachache husoma lile lililopaswa kuandikwa.

Akanitoa damu upya, mwenyewe. Safari hii nilisoma lebo. Ina jina, ina tarehe, ina namba ya kadi. Ya Jumatatu ilikuwa na vitatu hivyo hivyo, sikuitazama. Maisha yangu yote ni prufu, na lebo ya upana wa vidole viwili imenipita.

Nikaomba kuona. Alikuwa bado ana kipande cha kioo chenye tone la damu ya Jumatatu. Niliinama kwenye hadubini, jicho likatafuta, kisha – duara, mamia, ndogo, nyekundu kwenye ukingo tu, katikati nyeupe, kama pete zilizotupwa sakafuni. Akasema zingepaswa kuwa na rangi zaidi katikati. Mimi niliziona nzuri. Nilisema hivyo, kwa sauti, zilivyo nzuri.

Nilipofika nje kwenye ngazi ndipo nikajua nilikuwa nikitazama damu ya nani.


Ijumaa, 8 Machi

Kumi na mbili nukta tisa. Chembe tisini. Mkwe kapiga vigelegele jikoni mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Nilirudi kwa Hadubini kuuliza yule mwingine atafanywaje. Akasema habari ya mtu hampi mwingine, hata kama wana jina moja. Hasa kama wana jina moja. Nikampenda zaidi, ingawa alinikera. Alisema tu kwamba wameshapiga simu.

Wamepiga, najua. Wajina kanieleza mwenyewe kwenye ngazi, anacheka: kliniki walimtaka aje haraka, damu yake ina mashaka. Kawaambia, "Mmekosea mlango, mnayemtaka ni wajina wangu," akakata. Wamepiga tena. Kakata tena. Anawahurumia, wamechanganyikiwa.

Alisimama ngazi ya tatu kuvuta pumzi. Ngazi ya saba tena. Nimepanda naye ngazi hizi miaka kumi na moja. Nilidhani ni maneno mengi yanayomchosha.


Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwake nimwambie.

Begi liko kitandani, limefungwa. Juu yake kaweka viatu vya kusafiria, vimejazwa magazeti visipoteze umbo. Mdogo wake kapiga simu asubuhi. Atavaa nguo ya manjano ili aonekane mbali stendi. Alikuwa na miaka tisa walipoachana. Wajina kamuuliza ana urefu gani sasa, wakacheka wote wawili mpaka salio likaisha.

Akanikaribisha chai. Akaniuliza kama daktari wangu kabadili mawazo. Nilisema damu yangu imepimwa tena na iko sawa. Akanikumbatia – mikono baridi, viganja vyeupe kama karatasi. Tutakwenda wote! Akaanza kupanga nani akae dirishani.

Nimerudi na maneno yangu mdomoni.

Nimejaribu kuwa mwaminifu hapa kwenye daftari, ambako hakuna wa kunisikia. Lebo zilipangwa kwa foleni; nisingempisha Jumatatu, chupa zangu zingejazwa damu yangu, zake damu yake. Angejua tangu Jumatano. Upole wangu umemlia siku tatu. Lakini pia: tusingebadilishana, Hadubini asingeweka karatasi mbili mezani, nami nisingejua kuna kitu cha kuitwa ukubwa wa chembe. Hili la pili ni kujifariji. Nimeliandika, nimelikata, nimeliacha.


Jumatatu, 11 Machi

Ninaandika kwenye benchi la maabara, daftari gotini.

Nilimdanganya mpaka nusu ya njia. Nilimwomba anisindikize. Tulipofika kwenye duka la viatu akakaa kwenye ngazi ya mlango, apumzike, akafungua pindo la kitambaa na kutia punje mdomoni. Akatafuna. Akanitazama mkoba, akaona sikubeba karatasi yoyote.

"Wajina. Ile sita ni yangu, sivyo?"

Nikasema naona hivyo, lakini mimi si wa maabara. Akatafuna mpaka akamaliza. Akasema alijua tangu simu ya pili, ila alikuwa anataka aishi Jumapili moja kama mwari.

Tukaja. Polepole, tukisimama kwenye kila kivuli.

Hadubini alitoka mwenyewe nyuma ya kioo. Aliuliza jina. Aliuliza tarehe ya kuzaliwa, Wajina akajibu, "Ile ile ya wote." Kisha akauliza jambo ambalo halimo kwenye fomu: jina la mama mzazi. Kasema tangu Alhamisi anawauliza wote wa tarehe moja Januari, na kesho litakuwa na mstari wake kwenye fomu. Ametoa fomu mpya, kachora mstari kwa rula.

Wajina akakaza fundo la pindo la kitambaa chake. Nilidhani kasahau. Kisha akalitaja, kwa namna wanavyolitamka kwetu, silabi ya mwisho ikivutwa – nami, jirani wa miaka kumi na moja, sikuwa nimelisikia hata siku moja. Hadubini akaliandika kwenye chupa mbele ya macho yetu, mkono wa Wajina ukiwa bado umefungwa mpira, akamsomea. Akageuza chupa ya zambarau mara nane.

Akamuuliza kama kuna kitu anachopenda kutafuna. Wajina akafungua pindo. Hadubini akatazama ule mchele, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata herufi iliyopotea. Akasema ni mwili unaotafuta chuma mahali kisipokuwepo. Damu ikionekana ni ile ile, daktari ataagiza aongezewe, kisha vidonge, kisha kutafuta inakovujia.

Wajina akauliza kama siku saba zinatosha.

"Chembe hazina haraka, mama," akasema Hadubini. Wajina akasema basi achukue ya huyu hapa, jina ni moja, itajiona iko nyumbani. Hadubini kacheka! Sikujua ana meno. Akasema kabla ya kumpa mtu damu wao huanza kuuliza upya kutoka mwanzo, hata kama ni mapacha wa muhuri. Kumbe hadithi imemfikia.

Mashine inanguruma nyuma ya kioo. Dakika mbili kwa sampuli, lakini yeye anatazama na kwenye hadubini pia, haiamini mashine peke yake. Wajina kaniambia nguo ni ya manjano, nisisahau. Nikamwambia asinipe kazi yake. Akasema hanipi, ananiazima.

Dirisha limefunguliwa. Hadubini ana karatasi. Kaita jina, na tumesimama wote wawili.

Kaongeza jina la mama.

Nimekaa.