Miti Iliyofungwa Mshipi

Kamau mdogo wangu,

Mwenye bahati kama mimi hajazaliwa! Nimekupatia ile nafasi ya utafiti hapa Kericho, kwenye kituo cha chai, umalizie shahada yako ya udaktari. Mimi wa darasa la nne nimemfungulia mlango msomi wa chuo kikuu!

Mkubwa wa kituo alikuwa ametoka, nikamngoja na arap Koech, mfanyakazi wake. Ilikuwa mchana lakini ukungu mzito, na ndani yake miti mikubwa imesimama bila jani wala ndege. Kila mmoja umekatwa gome kiunoni kama umefungwa mshipi, ufe polepole, mizizi yake isije ikaambukiza chai itakayopandwa.

"Huu umekufa?" nikauliza.

"Bado, bwana. Haijajua."

Akaniambia mwanafunzi aliyekuwa na nafasi hiyo alikuwa akiweka sikio kwenye mti kila asubuhi na kuandika anachosikia. "Mwisho akaanza kuijibu. Tukamrudisha kwao."

Nikacheka sana, unanijua. Kisha nikaweka sikio langu. Kamau, ndani mle kitu kilikuwa kinakunywa maji, taratibu. Nikakohoa, kikanyamaza.

"Sasa imekusikia," akasema arap Koech, wala hakucheka.

Msalimie mama, mwambie blanketi lake nimenunua. Nawe kula vizuri, hicho kichwa chako ni chetu sote.

Kaka yako,
Mwangi

Tena, Kamau, hapo juu nimekudanganya: nafasi sikukupatia. Nilikimbia kabla mkubwa hajarudi, na jina lako sikulitaja kwa mtu.